Yule Mwanamke wa Soy

Jumatano, 1 Agosti 1951

Mvua tangu asubuhi. Matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Lakini leo nimeona njia ya maisha yangu! Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa ukumbi wa lokesheni, huu mtaa wetu wa Waafrika: mashindano ya hadithi fupi. Kila mshindani atasoma hadithi yake mbele ya watu, Jumamosi tarehe kumi na nane. Mshindi atafanywa karani wa chumba cha kusomea magazeti. Na karani huyo anapewa nyumba ya chumba kimoja. Chumba kizima! Mlango wake, ufunguo wake, dirisha la kioo.

Nimelisoma mara nne. Mimi, Wepukhulu, karani wa mizani katika ghala la ngano, nalala chumba kimoja na wanaume watatu. Mzee Kituyi, fundi seremala na mzee wa kanisa, amesema wazi kwamba binti yake Nangila haolewi na mtu anayelala amepangwa na wenzake kama magunia. Mengine yote tumekubaliana. Limebaki neno la chumba tu.

Kutunga hadithi si kazi kwangu. Barua za lokesheni nzima naandika mimi. Mtu anakaa kwenye kiti changu, anasema, nami naandika "Mimi Wamalwa ni mzima wa afya". Kwa miaka sita nimekuwa Wamalwa, nimekuwa Kiprotich, nimekuwa hata mjane mmoja wa kijiji cha Ziwa. Nani mwingine ana uzoefu kama huo?

Jina la kwanza kwenye orodha: Phineas. Kitanda chake kinapakana na changu. Anafunga watu vidonda katika zahanati na ananuka dawa hata Jumapili. Ameandika jina lake kwa wino mwekundu. Majivuno!

Ijumaa, 3 Agosti

Darasa la jioni la kuwasaidia washindani. Anafundisha Mwalimu Kipngetich, mtu mpole, koti limemwisha viwikoni. Amesema hadithi fupi haitokei hewani, ina vitu vyake vya lazima. Ameviandika ubaoni: wahusika, mahali na wakati, mgogoro, mfuatano wa matukio, msimulizi, na dhamira. Phineas aliuliza maswali matatu ili aonekane. Mimi sikuuliza hata moja. Anayejua haulizi.

Nimeamua kuvimaliza kimoja baada ya kingine. Nimeanza na wahusika. Fikira yangu ni hii. Watakaojaa ukumbini ni watu wa hapa hapa. Mtu akisikia jina lake likisomwa, atapiga makofi. Majaji wana masikio. Basi nitawatia wote ndani!

Jumamosi, 4 Agosti

Nimezunguka lokesheni nzima nikiwaandikisha. Hakuna aliyekataa. Musimbi anayeuza uji amekubali kwa sharti kwamba ndani ya hadithi awe mwembamba. Wamalwa anataka apewe farasi kama Makaburu. Kiprotich hataki kuingia bila ng'ombe wake. Jumla watu thelathini na mmoja na ng'ombe mmoja. Musimbi aliniongezea kikombe cha pili bila kuulizwa. Kumbe waandishi wanaishi vizuri hivi!

Jumanne, 7 Agosti

Aibu. Mwalimu alisoma hadithi yangu mbele ya darasa, na kurasa tatu za mwanzo ni salamu. Akaniuliza kwa upole: "Wepukhulu, hii ni barua ama ni hadithi?" Nikamweleza kwamba watu wazima na heshima zao hawawezi kuingizwa mahali bila kusalimiwa, na kila mmoja lazima asalimie wa kwake. Akasema hadithi fupi inataka watu wachache, watatu au wanne, tuwajue vizuri. Akasema amekutana na watu thelathini na mmoja na hakumjua hata mmoja, isipokuwa ng'ombe. Phineas alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Nimewatoa watu wote. Nimemtoa na ng'ombe. Huyo ndiye aliyeniuma zaidi.

Alhamisi, 9 Agosti

Habari zimefika kila mlango. Musimbi amenipa uji wa juu juu, maji matupu, akasema wembamba wanakula chembamba. Kiprotich haniitikii salamu. Ametuma mtu kuniuliza ng'ombe wake alinikosea nini.

Sijali! Mwalimu amesema tuandike mahali tunapopajua. Nami napajua mahali pamoja kuliko pote: karakana ya Mzee Kituyi. Jumamosi tano nimesimama mle ndani nikimshikia ncha ya ubao huku akinichunguza. Nayajua maranda, naijua gundi inavyochemka, naijua harufu ya mbao za mtarakwa. Kwa hiyo mhusika mkuu atakuwa fundi seremala. Mzee atajiona ndani ya hadithi na atafurahi. Majaji watafurahi, na baba mkwe atafurahi. Akili ikikaa kichwani inafanya kazi mbili kwa jasho moja.

Jioni nilikwenda kumwambia. Alipuliza vumbi kwenye randa. Kisha akauliza kama huyo fundi ni mzuri. Nikasema hana mwenzake. Akauliza kama itatajwa kwamba ndiye aliyechonga mimbari ya kanisa. Nikasema itakuwa mwanzo kabisa. Akasukuma kigoda kwa mguu, nikakaa. Jumamosi tano sijawahi kuambiwa nikae!

Ijumaa, 10 Agosti

Nimesoma darasani. Fundi anaamka, anasali, anapiga randa, anakula, anasali, analala. Mwalimu alingoja. Akauliza halafu inakuwaje. Nikasema anaamka. Phineas akasema orodha ya dawa pale zahanati inasisimua zaidi.

Mwalimu akasema kinachokosekana ni mgogoro. Lazima mtu atake kitu na kitu kimzuie, au awe na siri ambayo iko karibu kufichuka. Akasema tena kwamba hadithi yangu inatazamwa kutoka mbali. Nimwache fundi aisimulie mwenyewe, aseme "mimi", wasikilizaji wamsogelee. Lakini nikumbuke, akasema, msimulizi si mwandishi.

Nilitaka kucheka. Mimi ananifundisha hilo! Tangu lini nikaandika "mimi" nikawa ni mimi?

Jumapili, 12 Agosti

Mzee Kituyi amewatangazia wazee wa kanisa, kwaya, na hata wageni waliokuja kwa ubatizo, kwamba Jumamosi atasomwa ukumbini. Anataka kanisa zima lifike. Mama Nangila ameahidi kukaa mstari wa mbele. Hilo nimelisikia kwa watu, maana mkwe mtarajiwa wa kwetu hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake. Leo alijitokeza ghafla penye kona ya kanisa na mimi nikaingia katika mahindi ya mchungaji mpaka alipopita. Mahindi yalikuwa yamelowa. Suti pia imelowa.

Mchana nimetafuta mgogoro. Fundi aibe mbao? Hapana, Mzee atakasirika. Fundi alewe? Mzee wa kanisa halewi. Fundi aumwe na nyoka? Ataumwa, atapona, kisha atasali na tutarudi pale pale. Nikakaa nikaumwa kichwa.

Halafu ikaja yenyewe! Fundi ana mke wa pili kwa siri, huko Soy. Ana watoto wawili. Kila mwisho wa mwezi anamwambia mkewe anafuata mbao Soy, kumbe anafuata nyumba yake ya pili! Nimeandika bila kuinua kichwa. Nimejitia hofu mwenyewe. Safari ya mbao ni kweli, Mzee huenda Soy kila mwezi, na Mwalimu alisema mambo madogo ya kweli ndiyo yanafanya hadithi iaminike. Hakuna wa kukasirika. Nani anaweza kumdhania Mzee Kituyi jambo kama hilo?

Jumanne, 14 Agosti

Darasa zima kimya! Phineas hakucheka, na kwikwi haikumshika. Mwalimu alivua miwani. Aliniambia kwamba sasa nimeandika hadithi, mgogoro upo, matukio yanafuatana, na mtu mwenyewe anasikika. Nilijiona nimeshika ufunguo wa chumba mkononi.

Kisha akaniita kando. Akauliza kama huyo fundi anafanana na mtu yeyote tunayemjua. Nikamkumbusha kwamba wahusika ni wa kubuni. Akasema sawa, lakini yeye angekuwa mimi, angemfanya mshona viatu, na Soy angepaita jina lingine. Nikamshukuru. Mshona viatu hachongi mimbari! Nilikwisha kumwahidi Mzee. Mimi si mtu wa kuvunja ahadi.

Alhamisi, 16 Agosti

Mzee Kituyi amekuja kwenye kiti changu pale karibu na Musimbi, nimwandikie kaka yake wa Kimilili kuhusu harusi. Koo linamuuma kwa baridi hii, kwa hiyo alininong'oneza barua nzima sikioni. Watu walipita, wakatazama. Mwisho alinishika bega, akaniita mwanangu. Nilishindwa kuzuia machozi, nikasingizia moshi wa Musimbi.

Phineas anafanya mazoezi ya kusoma akijitazama kwenye sahani ya bati.

Jumamosi, 18 Agosti

Ngoja niende kwa mfuatano.

Ukumbi ulijaa. Phineas alisoma kwanza. Mtu anakunywa maji yasiyochemshwa. Anaugua. Anakufa. Dhamira: chemsha maji. Dakika saba. Watu walipiga makofi ya adabu.

Nikaitwa. Nikaanza: "Mimi ni fundi seremala. Mimbari ya kanisa letu niliichonga kwa mikono hii miwili." Mzee Kituyi akasimama! Akawageukia watu, akajipiga kifua, akasema kwa sauti, "Huyo ni mimi! Mimi kabisa!" Makofi! Kwaya ikapiga vigelegele. Nikangoja wamalize, kama Mwalimu alivyotufundisha.

Nikaendelea. Kila mwisho wa mwezi naenda Soy. Mzee, bado amesimama, akamwambia jirani yake kwamba ni kweli tupu, anafuata mbao. Nikafungua ukurasa wa pili. "Lakini mke wangu hajui kwamba huko Soy nina nyumba nyingine, na ndani yake kuna mwanamke anayeniita mume wangu."

Ikasikika mvua juu ya mabati na sauti yangu, basi. Nikasema moyoni, hii ndiyo inaitwa kuwashika wasikilizaji! Nikasoma vizuri kuliko siku zote. Wale watoto wawili niliwafanyia hata sauti zao. "Baba, mbona hulali hapa?" Mwanamke mmoja alilia.

Nilipoinua kichwa, kiti cha Mama Nangila kilikuwa kitupu. Mzee Kituyi alikuwa amesimama vile vile, mkono bado kifuani. Akafungua mdomo, koo likatoa mkwaruzo tu. Ndipo sauti ya Musimbi ikatoka nyuma. "Wepukhulu hajui kutunga kitu. Yeye anaandika kile ameambiwa! Na juzi si nyinyi wote mliona Mzee akimnong'oneza?"

Ukumbi ukalipuka. Nilipiga kelele kwamba msimulizi si mwandishi. Hakuna aliyesikia. Mke wa Wamalwa akamgeukia Wamalwa, akamuuliza yeye huandikisha nini pale kwenye kiti. Hadithi yangu haikufika mwisho, na mwisho ndio ulikuwa mzuri.

Jumapili, 19 Agosti

Mshindi ni Phineas. Majaji wamesema hadithi yangu ilikuwa na kila kitu, lakini hawawezi kumpa chumba cha kusomea mtu anayeleta vurugu akisoma. Phineas amehama leo hii. Ameniachia nusu kipande cha sabuni na akanishika mkono kwa huruma. Huruma! Sabuni nimeitupa. Halafu nimeiokota.

Kanisani hakuna aliyeitazama mimbari. Mzee Kituyi amelala karakanani, juu ya maranda, na nywele zake zilikuwa na maranda bado. Aliniita baada ya ibada. Alikuwa anapiga randa, Jumapili! Aliendelea mpaka ubao ukawa mwembamba mno. Kisha akasema kwa ile sauti ya mkwaruzo kwamba amekaa na mke wake miaka ishirini na saba, na hajawahi kulala nje hata siku moja. Mpaka atakaporudishiwa kitanda chake, nisimtajie harusi, niwe na chumba nisiwe na chumba. Nikamweleza habari ya msimulizi, kwamba huyo "mimi" si mimi, na wala si yeye. Akaniuliza kama ni hivyo, kwa nini huyo msimulizi haji kulala hapa kwenye maranda.

Hilo halikufundishwa.

Jumatatu, 20 Agosti

Nangila amekuja ghalani. Alisimama karibu na mizani, mikono ndani ya leso aliyojifunga. Hakulia. Afadhali angelia. Aliniuliza kama huyo mwanamke wa Soy ana jina. Nikasema Rebeka. Hata mimi nilisikia lilivyotoka haraka mno.

Akasema yeye anajua ni uongo wa kutunga, kwa sababu baba yake hata kuficha sukari hawezi. Lakini mama yake amefunga sanduku na anataka kurudi kwao. Akaniambia la kufanya. Nimchukue Mwalimu Kipngetich na mchungaji, tuende nyumbani. Mimi nikae nje, upande wa ukuta, kwa heshima. Niseme kwa mdomo wangu, mama asikie: nilitunga. Basi. Akanitazama sana. Akasema: "Na wewe usiandike kitu. Hata salamu usiandike." Nikaapa.

Alipoondoka nilipima magunia saba bila kuona namba. Nampenda Nangila. Nikimkosa sijui nitafanya nini na hii miaka iliyobaki. Nitalitengeneza jambo hili hata kama ni kwa kucha!

Jumanne, 21 Agosti

Nilikwenda kwa Mwalimu. Amekwenda Ziwa kukagua shule, atarudi Ijumaa. Nilikwenda kwa mchungaji. Yuko kitandani, kifua kimembana. Nikaenda peke yangu mpaka kwenye ukuta wa Mama Nangila. Nikakohoa. Nikasema, "Mama, nilitunga." Dirisha likafungwa.

Nimesikia kwamba anaondoka Alhamisi na lori la asubuhi. Ijumaa ni mbali.

Jumatano, 22 Agosti

Nimefikiri kutwa nzima, na sasa nimeelewa kila kitu. Kwa nini Mama Nangila hakuamini nilipokohoa ukutani, lakini aliamini ukumbini? Kwa sababu ukumbini nilikuwa na karatasi! Yeye ni mtu wa kusoma. Anafuata mstari kwa kidole, herufi kwa herufi, na hasahau. Kilichoharibiwa na karatasi kitengenezwe na karatasi.

Nangila alinikataza kuandika. Najua. Lakini katika barua hii si mimi ninayesema, ni Mzee Kituyi. Msimulizi si mwandishi! Kwa hiyo kiapo changu kiko salama.

Nimetumia kila kitu nilichofundishwa. Salamu nimezipunguza mpaka nusu ukurasa. Mahali: karakanani, juu ya maranda, baridi. Wahusika: watatu tu. Mgogoro: moyo wa mume. Sehemu iliyonitoa machozi ni hii: "Mke wangu mpendwa, mimi mumeo Kituyi nimejuta. Yule mwanamke wa Soy nimemwacha kabisa. Rebeka alilia sana na kunishika koti, lakini nilikaza moyo. Wale watoto wawili nao nimewaaga, mdogo ana pua kama yangu. Sasa nirudishie kitanda changu." Dhamira: msamaha. Na safari hii hadithi imefika mwisho wake. Nani atasoma hayo asisamehe?

Kwanza nilikuwa nimeandika kwamba huyo Rebeka hakuwepo. Nikafuta. Mtu akikana kila kitu haaminiki. Akikubali na kuacha, hapo kuna badiliko la mhusika, na Mwalimu alisisitiza sana badiliko la mhusika.

Sahihi ya Mzee nimeiweka vizuri kuliko anavyoiweka mwenyewe. Musimbi amejitolea kuipeleka. Aliniomba ruhusa aisome kwanza njiani, nikampa, maana msomaji mmoja zaidi si hasara. Ameondoka mbio, uji ameuacha motoni. Kumbe alikwisha kunisamehe.

Imepita saa nzima. Nimepiga pasi suruali, nimepaka viatu mafuta, nimenawa kwa ile sabuni. Nasikia watu wengi wanakuja kutoka upande wa karakana, wanaliita jina langu. Nimechungulia. Mzee Kituyi yuko mbele, anakimbia! Sijawahi kumwona Mzee akikimbia. Furaha ni kitu kikubwa. Naweka kalamu chini nikawafungulie mlango.